Dakika Tatu

Mimi ndiye mwenye kengele.
Miaka kumi na tisa, kila Jumanne ya pili ya mwezi,
katika ukumbi wa halmashauri ya mji wa Harlan Fork, Nebraska,
ukuta mmoja na kituo cha zimamoto,
naandika kumbukumbu, napima muda:
raia mmoja, dakika tatu, kisha ting.

Leo theluji imewafungia wengi majumbani,
lakini Orville Lindqvist amekuja,
buti zake zikitengeneza dimbwi chini ya kipaza sauti.
Gazeti limekataa barua yake,
kurasa kumi na moja juu ya taa za barabarani.
"Uhuru wangu wa kusema umenyongwa!"
Nami kimoyomoyo: Orville, bwana wee,
uhuru wa kusema si hati ya kudai wino wa mwenzio.
Mhariri naye ana mdomo,
na kunyamaza ni kazi mojawapo ya mdomo.
Ting.
"Na kengele hii ni udikteta!"
Kengele hii, Orville, ilimkatiza kasisi
akiwa bado hajafika kwenye amina.

Akasimama Delphine Kowalczyk, picha mkononi:
bango la jirani yake, limeelekezwa dirishani pake,
neno moja tu, ambalo sitaliandika hapa
ingawa kwenye kumbukumbu nililiandika.
"Hiyo ni chuki. Chuki ni jinai. Mfungeni."
Mwanasheria wa mji, binti mwenye mafua, akainua kichwa:
"Akikutishia, mama, tutamfuata.
Akisimama mlangoni pako na kibiriti, tutamfuata mbio.
Ubaya mtupu, hapa kwetu, hauna pingu."
Delphine akaketi kama aliyerudishiwa chenji pungufu.
Nami, Mungu anisamehe, nilitaka jirani afungwe.

Kijana wa sekondari, Tobiah, akachomoa ile sentensi
ambayo kila mtu huibeba mfukoni kama leso:
"Lakini huwezi kupiga kelele 'moto!' ukumbini."
Kupitia ukutani tuliwasikia wazimamoto wakicheka,
na mmoja wao, sauti ya kahawa na sigara:
"Na kama moto upo?"

Hakuna aliyemjibu.

Wa mwisho alikuwa Bi Wilhelmina Skov, mjane, mtaa wa mashariki.
Akaweka mtungi wa kioo juu ya meza.
Maji ya bomba lake, rangi ya chai iliyosahauliwa.
Yananuka misumari, alisema.
Akamtaja aliyepewa kandarasi ya mabomba,
na kwamba huyo ni shemeji wa mwenyekiti.
Dakika moja na sekunde arobaini.
Sikuigusa kengele.
Akasema ahsanteni, akavaa glavu zake, moja ina tundu.

Wakati viti vinakunjwa mwenyekiti aliniinamia,
kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi:
"Yale ya Bi Skov, usiyaingize. Hayana maana."

Miaka yote hiyo nilidhani mfuta-maneno
atakuja na filimbi, na askari nyuma yake.
Kaja na sweta aliyofumiwa na mkewe,
pumzi yake peremende.
Na nje, maegeshoni, Orville bado anapaza sauti
kwamba amezibwa mdomo,
na hakuna anayemzuia, ila baridi.

Nina goti la kupasuliwa mwezi Machi.
Nina pensheni, imebaki miaka miwili.
Haya nayo niliyawaza, sitajifanya sikuyawaza.

Kisha nikaandika: Skov. Mtungi. Misumari. Shemeji.
Nikaisogeza kengele kati yetu.
"Mwenyekiti," nikasema, "nawe una dakika tatu."
Alitumia sekunde kumi, zote kimya.
Nikaziandika nazo.

Mtungi umebaki mezani.
Kitu chekundu, laini, kinashuka
taratibu
kuelekea chini ya kioo.